Mtoto wa Bweni Bado ni Mtoto wa Nyumbani

Yako maneno ambayo husikika kila mwanzo wa mwaka katika baraza zetu hapa Pwani, kuanzia Lamu mpaka Vanga. Mtoto ameitwa shule ya bweni, pengine bara huko, na wazee wamekaa kushauriana. Mmoja asema, "Mpelekeni akasome, elimu ndiyo maisha." Wa pili amjibu, "Akenda huko hatarudi akiwa wetu." Mimi nilikaa bweni miaka minne, tangu 1976 mpaka 1979, katika shule moja ya bara, na nimeona yafaa nitoe rai yangu juu ya jambo hili. Kila mmoja katika wazee hao asema kweli nusu, na kweli nusu yaweza kumpoteza mtoto sawasawa na uwongo.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa kumtoa mtoto nyumbani aende kutafuta elimu si jambo lililoletwa na Wazungu. Pale Lamu, katika Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, wanafunzi walikuja kutoka kila upande wa Pwani na visiwani zaidi ya miaka mia iliyopita, wakawaacha mama zao, wakakaa huko mpaka wakahitimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye, katika gazeti lake la Al-Islah alilolianzisha Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waamke katika elimu ya dini na ya dunia. Na mwaka 1951 kilipofunguliwa Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikuja kujifunza ufundi. Chuo hicho kikawa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Basi anayelikataa bweni kwa kuwa eti ni mila ya kigeni, hoja yake haisimami.

Walakini iko tofauti moja kubwa. Aliyempeleka mwanawe Riyadha alimkabidhi kwa mtu anayejua kibla kiko wapi na mwezi umeandama lini. Aliyetupeleka sisi bara alitukabidhi kwa kengele. Kengele ilituamsha, kengele ikatulisha, kengele ikatulaza. Haikuwa na ubaya, lakini ilikuwa haitujui.

Tulikuwa Waislamu kama kumi hivi katika shule ya mamia ya wavulana. Tulisafiri kwa gari la moshi usiku kucha, kila mtu na sanduku lake la bati na kufuli lake, na ndani yake mama ametia visheti, achari ya ndimu na msala uliokunjwa vizuri. Asubuhi ya kwanza tulitawadha kwenye mfereji wa nje, maji baridi kama barafu, na mtoto wa Mombasa hakuwa ameijua baridi ya namna hiyo tangu kuzaliwa. Hayo ya baridi mwili huyazoea. Yaliyotutaabisha ni mengine. Ijumaa saa saba tulikuwa darasani, na msikiti uko sokoni mwendo wa nusu saa. Ramadhani ya mwaka ule wa 1976 iliingia mwisho wa Agosti, kwa hivyo muhula wa tatu ulipofunguliwa Septemba tulikuwa tumo katika kufunga. Chakula cha jioni kilipakuliwa kabla ya magharibi, na asiyekula wakati huo alikosa. Tulifuturu kwa maji na mkate mkavu, na daku yetu ilikuwa usingizi.

Msomaji atadhani shule ile ilitufanyia uadui. Hasha. Iko siku mzee mmoja wa Kiislamu, mwenye duka pale mjini, alipata habari zetu. Akavaa kanzu yake na kofia yake, akaja kumwona mwalimu mkuu. Hawakukaa saa nzima. Tangu juma lile tulipewa ruhusa ya kwenda kuswali Ijumaa, na mpishi, ambaye hakuwa Muislamu, akaagizwa atuwekee sufuria yetu kando ya makaa. Mpishi yule alitutunza kama wanawe. Mara nyingine alituwekea na chai ya daku bila ya kuagizwa na mtu. Mwalimu mkuu alisema maneno ambayo sijayasahau: kwamba hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kumwandikia juu ya jambo hilo. Wazee wetu walikuwa wamelipa karo, wameomba dua, wakanyamaza.

Hapo ndipo penye shina la rai yangu. Watu husema bweni huharibu watoto. Mimi niliyoyaona ni kwamba wawili wanaweza kulala kitanda kimoja cha ghorofa, huyu juu na huyu chini, wakatoka watu mbalimbali. Mwenzangu mmoja alipata barua kila baada ya wiki mbili kutoka kwa bibi yake. Bibi hakuijua herufi ya Kizungu. Aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu kwa mamia ya miaka. Barua zetu zilikuwa zikifunguliwa na kusomwa ofisini kwanza, na hizo zilimshinda mwalimu wa zamu, naye akawa akizitoa hivyo hivyo huku akicheka. Ndani yake hamkuwa na jambo kubwa: nani ameoa, nani amezaa, mnazi gani umeanguka, na mwisho, "Usiache swala, na ukinwa maji kaa kitako." Kijana huyo alimaliza kidato cha nne akiwa na dini yake, adabu yake na cheti kizuri. Mwingine karo yake ilikuja mapema kuliko ya sote, kwa hawala ya posta, lakini barua hakupata hata moja. Alipofika kidato cha tatu hakutaka tena kurudi kwao likizo. Hakufanya ovu lolote. Hakuwa tu na kinachomvuta kwao.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema. Lakini neno la mbali humfikia mtoto, na siku hizi hupanda simu likafika kabla ya msemaji hajakaa kitako.

Nisije nikaonekana nasema bweni ni mashaka matupu. Bweni lilinifunza kufua nguo zangu, kutandika kitanda changu, na kula nilichopewa pasipo kuuliza nazi iko wapi. Kubwa zaidi, lilinipa ndugu. Achari ya mama iliisha kwa siku tatu, kwa kuwa Mkamba, Mluo, Mkisii na Mkikuyu wote waliinyoshea mkono, nasi tukajifunza kula pure na viazi vitamu kutoka masanduku yao. Wenzangu hao baadaye wamekuwa waganga, wahandisi na maofisa, na mpaka leo nikifika kwao hufunguliwa mlango. Sisi watu wa Pwani twalalamika kwamba nchi haitujui. Nchi itatujuaje ikiwa watoto wetu hawajala sahani moja na watoto wa nchi?

Na wanaoumia zaidi kwa hofu yetu ni mabinti. Mvulana hujadiliwa, kisha huenda. Msichana huambiwa shule ya karibu yatosha, na kama ya karibu ni mbovu au haina nafasi, basi elimu yake yaishia hapo. Mzazi wa namna hiyo nisingependa kumkejeli, kwa kuwa ana hoja. Wilaya ya Kwale haijasahau mwezi wa Machi 1998, moto ulipowaua wasichana zaidi ya 20 katika bweni la Bombolulu, karibu na Mazeras. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Na Septemba 2024, watoto 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Atakayesema hofu hiyo ni ushamba, huyo hajazika mtoto.

Lakini hofu isiyouliza haimlindi mtu. Kanuni za usalama wa shule zilitolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, nazo ziko wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifungukie nje, na baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Mzazi anayekwenda sokoni humbinya samaki na kumfunua mashavu kabla hajatoa pesa. Iweje aingie shule, alipe karo ya mwaka, arudi pasipo kulitazama dirisha la chumba atakacholala mwanawe? Ukienda, omba uonyeshwe bweni. Usukume mlango. Uhesabu vitanda. Ukikataliwa kuonyeshwa, umekwisha kujibiwa.

Hali kadhalika katika mambo ya dini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 32, yampa kila mtu haki ya kufuata dini yake. Lakini haki ya karatasi yataka mwenye kuifuatilia. Tumeliona hilo katika kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo: Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana wa Kiislamu ushindi mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo, ikiona dai halikufikishwa mbele ya korti kwa njia inayofaa. Kwa hivyo yafaa mzazi azisome sheria za shule kabla ya kumpeleka binti yake, aulize juu ya hijabu, swala ya Ijumaa na chakula cha Ramadhani, na majibu ayapate kwa maandishi. Kuuliza Januari ni rahisi kuliko kugombana Juni.

Juu ya watoto wadogo, rai yangu ni nyingine. Mtoto wa miaka saba au minane bado amlilia mama usiku, na Kurani yake hajaimaliza. Huyo mahali pake ni nyumbani na chuoni kwa maalimu wake. Novemba 2022 Serikali ilitangaza nia ya kuyaondoa mabweni kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, na mabishano yalikuwa makubwa. Mimi nilikuwa upande wa Serikali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma ya mama. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano, aliyekwisha kujua swala yake na mpaka wake, na apelekwe, awe mvulana awe msichana, maadamu shule ni njema na wazee wake hawatamsahau.

Na jambo hili si la wazazi peke yao. Misikiti iko karibu katika kila mji wa Kenya, na karibu na kila mji iko shule ya bweni. Kamati ya msikiti inayoweza kukusanya pesa za kupaka rangi mnara yaweza pia kumtuma mtu mmoja mara moja kwa muhula, akaulize: "Mna watoto wangapi wa Kiislamu hapa? Wahitaji nini?" Ramadhani ikiingia, sufuria moja ya uji na kikapu cha tende haviwezi kuufilisi msikiti wowote. Mzee yule mwenye duka hakuwa na cheo, wala hakuwa jamaa yetu. Alijua kwamba watoto wa watu wako mjini kwake, naye akaona wamo katika amana yake.

Basi ndugu msomaji, ukiwa umemtia mtoto sanduku mkononi mwaka huu, mwandikie au mpigie simu kabla juma halijaisha. Mweleze habari za mtaani, nani ameoa na nani amejifungua, hata kama waona ni mambo ya upuuzi. Kisha mpigie mwalimu wake, umjulishe wewe ni nani. Karo hulipiwa masomo. Malezi hayana risiti, na deni lake li juu yetu sisi.