Kidole Kilichobonyeza "Hapana"

Likizo iliyopita nilitoka Gitega, ninakosoma, nikarudi kwetu Muyinga. Baba mdogo, mvutaji wa miaka mingi, aliniomba niweke kwenye simu yangu programu ya kumsaidia kuacha sigara, maana yeye ana kitochi. Kila jioni programu iliuliza kwa Kiingereza kama amevuta siku hiyo, nami nikamtafsiria. Siku ya nne alinijibu sigara ikiwa mdomoni: "Bonyeza hapana, mwanangu, inyamaze." Nikabonyeza.

Kidole changu kile ndicho ninachokipinga leo.

Siku hizi programu kama hizo hupimwa kwa majaribio ya kitabibu yanayojiendesha. Mvutaji anajiandikisha kwa simu, kompyuta inampanga kwenye kundi kwa kura, inamuuliza maswali na kujumlisha majibu. Hakuna muuguzi anayemwona. Wanaoyasifu husema ni nafuu na yanafikia watu wengi upesi. Ni kweli. Lakini uongo nao hufika upesi.

Sisemi simu haifai. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza liitwalo txt2stop, lenye wavutaji 5,800. Baada ya miezi sita, 10.7% ya waliotumiwa ujumbe wa kuwasaidia walikuwa wameacha, dhidi ya 4.9% ya wenzao waliotumiwa ujumbe usiohusu kuacha. Hesabu hiyo naiamini kwa sababu waliosema wameacha hawakuaminiwa kwa maneno matupu. Walithibitishwa kwa vipimo vya mwili, kama vile vya mate. Tena ulikuwa ujumbe mfupi, ambao hata kitochi kinaupokea.

Sasa tuletewe programu ya intaneti iliyojipima yenyewe, nani atakuwa amehesabiwa? Mwenye simu janja, mega na lugha ya kigeni. Bibi wa kijijini mwenye kiko chake hamo. Kijana anayenunua sigara moja moja sokoni hamo. Na aliyechoka akaacha kujibu? Mtafiti mwaminifu humhesabu kuwa bado anavuta. Mwenye programu ya kuuza hutamani kumfuta.

Burundi iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na ibara yake ya 14 inataka watu wasaidiwe kuacha. Basi wenzangu, tudai jaribio la kwetu: kwa Kirundi na Kiswahili, kwa ujumbe mfupi, kompyuta ifanye kazi yake, na mwishoni mhudumu wa afya abishe hodi akiwa na kipimo cha pumzi mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mashine isiyoona moshi inamsaidia kuficha.

Baba mdogo angali anavuta. Katika hesabu za programu ile, aliacha siku ya nne.