Mtoto Aliyepewa Figo ya Mwingine

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Leo twapenda kusema nanyi, wazazi wa Kitshanga na wa milima yote ya Masisi na Walikale, juu ya mtoto ambaye figo zake ziliharibika, akapewa figo ya mtu mwingine. Huenda msomaji akauliza: «Jambo hili latuhusu nini, sisi ambao hata kufika Goma ni taabu?» Na asome mpaka mwisho.

Tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo moja ya Ronald Herrick, wakampandikiza pacha wake Richard aliyekuwa karibu kufa. Richard akapata nguvu, akaoa, akaishi hadi mwaka 1963. Figo ile ilipokewa vema kwa kuwa ndugu hao walikuwa pacha wa kufanana kabisa. Kwa watu wengine haiwi hivyo. Mwili una askari wake. Wakiona nyama ngeni huishambulia, hata ikiwa ni zawadi ya mama mzazi. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuwatuliza askari hao, kila siku, maadamu figo ile ingali inafanya kazi. Nchini Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza upandikizaji huo Novemba 2017.

Daktari akimaliza kazi yake, wazazi huanza yao. Askari akisinzia, mwizi hupita. Kwa mtoto huyu homa si jambo la kungojea hadi kesho. Apelekwe kwa mganga siku ile ile. Alale ndani ya chandarua, anywe maji yaliyochemshwa, na wanaomhudumia wanawe mikono. Ndugu zake wapate chanjo ya surua, kwani chanjo hiyo ina vijidudu hai, na kwa kawaida yeye mwenyewe haruhusiwi kuipata baada ya kupandikizwa. Dawa zile zaweza pia kupandisha shinikizo la damu au kuleta kisukari; ndiyo sababu hupimwa damu mara kwa mara.

Tena, asipewe dawa ya dukani wala ya miti shamba pasipo kuuliza. Ibuprofeni yaweza kuidhuru figo. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa zake, eritromisini huzizidisha.

Lakini hatari iliyo kubwa huja mtoto anapokuwa mzima. Amenenepa, anacheza mpira, anafaulu shuleni, basi watu husema, «Amekwisha kupona, vidonge vya nini?» Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu amezapo dawa saa ile ile kila siku. Akiacha kwa kuona haya, askari wa mwili huamka, na figo yaweza kufa kabla hajasikia maumivu yoyote.

Sasa tujibu swali la msomaji. Kitshanga mwajua maana ya kukimbia. Mwaka 2013 vita viliteketeza nyumba nyingi za mji. Januari 2023, M23 walipouteka, maelfu walishika njia. Mtu akikimbia hubeba mtoto, sufuria na blanketi. Dawa husahauliwa juu ya kabati. Na kwa mtoto mwenye figo ya kupewa, siku chache bila dawa zaweza kuharibu kazi ya miaka.

Kwa hiyo twawashauri: dawa zikae katika mfuko mdogo usiopitisha maji, mahali pajulikanapo na jamaa wote. Humo iwemo karatasi yenye jina la mtoto, ugonjwa wake, jina la kila dawa na kipimo chake. Nakala ya pili ashike shangazi au jirani mwaminifu. Msingoje kidonge cha mwisho ndipo mtafute vingine. Mkifika ugenini, mwonyesheni mganga karatasi hiyo kabla hata ya kutafuta mahali pa kulala.

Mashauri hayo yamfaa vilevile mtoto wa kifafa, wa kisukari, au mwenye virusi vya UKIMWI. Nao wamo katika vijiji vyetu. Basi, mama, baba, leo jioni tazameni: dawa za mtoto ziko wapi, na nani atazibeba?