"Haikuonekana" Si "Haimo"

Katika mashamba ya mahindi na mpunga ya Mbeya na Iringa, jembe la palizi linaliachia nafasi bomba la kunyunyizia dawa za kuua magugu. Mvua inyeshapo, mabaki ya dawa hizo yaweza kufika mitoni na visimani. Hapana budi yapimwe. Lakini kipimo kimoja hakitoshi.

Kromatografia ya gesi huigeuza sampuli kuwa mvuke, kisha huzitenganisha kemikali zilizomo. Atrazini, inyunyizwayo katika mahindi, hunaswa vizuri kwa njia hiyo. Glaifoseti haigeuki mvuke kwa urahisi. Huhitaji matayarisho ya pekee, na kwa kawaida kromatografia ya kimiminika. Kwa hiyo maji yenye glaifoseti yaweza kutoka maabarani na cheti safi.

Cheti kisemacho "haikuonekana" hakina budi kutaja dawa iliyotafutwa, njia iliyotumika na kiasi kidogo kabisa kiwezacho kuonekana. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu dawa yoyote moja izidi mikrogramu 0.1 katika lita ya maji ya kunywa. Chombo kianzacho kuona kwenye mikrogramu 5 hakiwezi kuthibitisha usalama wa namna hiyo. Anywaye maji ya Ruaha Mkuu astahili kujua kilichotafutwa, si kilichokosekana tu.