Wapotoshaji wa vijana wametushinda kwa Kiswahili

Kila ifikapo Aprili 2, mimi hukatiza mhadhara wangu kwa dakika chache ili kuwakumbusha wanafunzi wenzao 142 waliouawa mjini Garissa mwaka 2015, katika shambulizi la chuo kikuu lililogharimu jumla ya maisha ya watu 148. Wanafunzi nilio nao sasa walikuwa watoto wadogo wakati huo, na kwao msiba ule unaanza kuwa historia kama vita vya Maji Maji. Hunisikiliza kwa heshima tu, mpaka nifike mahali pamoja: kwamba miongoni mwa wauaji alikuwamo mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kijana aliyekalia madawati kama yao, na kwamba babake, chifu katika Kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kuwa mwanawe ametoweka. Hapo ndipo ukumbi hunyamaza.

Kwa muda mrefu tulizoea kumtafuta adui huyu ng'ambo ya mpaka. Ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa jijini Nairobi Agosti 7, 1998, na watu 213 wakapoteza maisha, wapangaji wakuu waliotajwa walikuwa wageni, ingawa walipata wenyeji wa kuwahifadhi. Miaka ilivyosonga mambo yaligeuka. Mnamo Oktoba 2011, baada ya mashambulizi ya maguruneti jijini, kijana Mkenya aliyezaliwa katika familia ya Kikristo na kusilimu baadaye alikiri mahakamani kuwa mwanachama wa Al-Shabaab. Na katika shambulizi la DusitD2 mnamo Januari 2019, ambapo watu 21 waliuawa, mmoja wa washambuliaji alitajwa kuwa mtoto wa askari wa jeshi letu wenyewe. Ugaidi ulikuwa umekwisha kupata uraia.

Wasemaji wengi wakifika hapa hukimbilia methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naiogopa methali hiyo inavyotumiwa. Mnamo Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa mtaani Eastleigh na kwingineko, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, wakiwamo kina mama na watoto wao. Hiyo ilikuwa sawa na kuichoma nguo nzima kwa kumtafuta chawa. Chawa hakuonekana, na walioungua wakageuzwa chambo na wale wale tuliodai kuwasaka.

Mimi si mtaalamu wa usalama. Kazi yangu ni isimu, na kwa hivyo nitasema juu ya kile ninachokifahamu, yaani lugha. Mwaka 2012 lilizuka mtandaoni jarida lililoitwa Gaidi Mtaani, lililotolewa na wafuasi wa Al-Shabaab kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kiingereza. Hebu msomaji alitafakari jina hilo. Hapo kale gaidi alikuwa mnyang'anyi wa kuvizia watu njiani, mtu wa porini. Mtaani nako ndiko kwake kijana wa mjini. Ndiko anakozaliwa, anakocheza kandanda na anakokosea kazi. Kwa maneno mawili tu mwandishi amekwisha kumwambia msomaji wake kwamba anamjua anakoishi. Sijaona tangazo la serikali lililofaulu kufanya hivyo kwa kurasa kumi.

Tazama pia jinsi walivyogawa kazi baina ya lugha. Majeshi yetu yalipoingia Somalia mnamo Oktoba 2011, kundi hilo lilifungua akaunti ya Twitter na kujibizana kwa Kiingereza fasaha na msemaji wa jeshi la Kenya. Wakati wa shambulizi la Westgate mnamo Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa, lilitumia mtandao huo huo kujigamba mauaji yakiendelea. Kiingereza hicho kilikuwa cha kuwatisha walimwengu. Cha kuwavuta watoto wetu kilikuwa Kiswahili. Mihadhara ya Aboud Rogo, aliyepigwa risasi na kuuawa Mombasa Agosti 27, 2012 na ambaye wauaji wake hawajahukumiwa hata leo, ilitolewa kwa Kiswahili cha Pwani kinachotiririka, chenye visa, kejeli na vicheko. Ilirekodiwa, ikauzwa, ikapandishwa mtandaoni. Mwenyewe alipouawa, sauti yake iliendelea kuhama kutoka simu moja hadi nyingine, sasa ikiwa na heshima ya marehemu juu yake.

Nitoe mfano mmoja wa kiisimu, na msomaji anivumilie. Kimalagasi, lugha ya majirani zetu wa Madagaska, kina viwakilishi viwili vya nafsi ya kwanza katika wingi: kimoja humjumuisha anayeambiwa na kingine humwacha nje. Kiswahili kina 'sisi' moja tu. Mpotoshaji hodari huanza na 'sisi' iliyo pana kama jamvi la arusi: sisi vijana, sisi tusio na kazi, sisi tunaozungushwa miezi kwa ajili ya kitambulisho. Msikilizaji anajikuta ameketi ndani yake, na malalamiko mengi anayosikia ni ya kweli. Wiki chache baadaye jamvi linaanza kukunjwa. Jirani Mkristo hayumo tena. Kisha imamu wa msikiti wa mtaa hayumo, kwa kuwa anaambiwa amenunuliwa na serikali. Mwisho mama mzazi hayumo. Neno ni lile lile, matamshi ni yale yale, wala kijana hakumbuki ni siku gani aliyoachwa peke yake na sauti iliyo ndani ya simu.

Vivyo hivyo kauli ya kutendwa. Tunadhulumiwa, tunanyimwa, tunauawa. Mtenda hatajwi. Msikilizaji humjaza mwenyewe, na lile alilolijaza mwenyewe hulishikilia kuliko lolote aliloambiwa.

Nimeyafundisha mambo haya kwa miaka kadhaa, na nilipaswa kuyatambua yaliponijia mlangoni. Mwaka 2017 nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mpole kutoka Pwani aliyeandika vizuri mno. Katika muhula wa kwanza insha zake zilijaa utani na mifano aliyookota kwa makanga wa matatu. Muhula uliofuata utani ulitoweka. Wenzake, ambao zamani aliwaita 'sisi wa darasa hili', wakawa 'watu wa hapa'. Nilipowapa zoezi la kutunga sentensi za masharti, zoezi kavu la sarufi, sentensi zake zote kumi zilimhusu mtu asafiriye pasipo kuaga. Niliona. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mifano ni sahihi, lakini ajaribu kupanua mada. Nikampa alama nane kwa kumi.

Kwa nini sikumwita? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu moja ni uvivu wa kawaida wa mhadhiri mwenye karatasi mia mbili za kusahihisha. Sehemu nyingine ni kwamba sikujua ningemwambia nani baada ya kumwita. Ningekwenda kwa polisi na sentensi kumi za masharti? Na kama wangenisadiki, je, ningekuwa tayari kuulizwa na mamake mahali alikopelekwa?

Mama huyo alikuja mwenyewe wiki sita baadaye. Alisafiri usiku kucha kwa basi, akaketi ofisini mwangu akiwa ameshika simu ya zamani ya mwanawe. Kituo cha polisi alichokwenda kwanza walimwuliza kwa nini alimficha kijana wake muda wote huo, wakamwambia arudi naye. Arudi naye, ilhali alikwenda kuwaambia kwamba amepotea! Akanitazama na kusema, "Mwalimu, sisi nyumbani tulikuwa tunasikia sauti yake tu kwenye simu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukisoma anayoyaandika." Sikuwa na jibu la kumpa mama yule, wala sina hadi sasa.

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014 yaliingiza katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi kifungu kinachomwadhibu mtu anayekumbatia au kueneza itikadi kali kwa nia ya kurahisisha ghasia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 30. Wanasheria watajadili wanavyotaka. Mimi naangalia vitenzi. Anayekumbatia na anayeeneza wametiwa kapu moja. Mtoto wa miaka kumi na tisa aliyevutwa na mtu mzima aliyemvuta wanangojewa na kifungo kile kile. Ni kweli kwamba Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, waziri wa usalama wakati huo, marehemu Joseph Nkaissery, aliwatangazia msamaha vijana ambao wangejisalimisha, akawapa siku kumi. Lakini tangazo halifuti sheria, na watetezi wa haki za kibinadamu wamerekodi visa vya vijana wa Pwani waliouawa ovyo au kutoweka baada ya kukamatwa. Mzazi akiyapima hayo yote, hunyamaza. Na kimya chake ndicho nafasi ambayo mpotoshaji huihitaji.

Septemba 2016 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali, na kuanzia mwaka uliofuata kaunti za Pwani zikatunga mipango yake. Niliyobahatika kuisoma ni kazi ya bidii, siibezi. Tatizo ni kwamba iliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha warsha za hotelini, kisha akaachiwa chifu kazi ya kuitafsiri chini ya mwembe. Nilihudhuria baraza moja la aina hiyo. Baada ya saa nzima ya kusikia 'itikadi kali zenye mwelekeo wa vurugu', mzee mmoja aliinua mkono akauliza kama hiyo ni aina mpya ya bangi. Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini mzee yule ana wajukuu, na wajukuu wana simu.

Yapo pia makampuni yenye kumiliki mitandao hii. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na taasisi moja ya London ulionyesha kwamba propaganda ya Al-Shabaab na ya kundi la Dola la Kiislamu ilikuwa ikienea wazi kwenye Facebook kwa Kiswahili na Kisomali, ikipita pale ambapo ya Kiingereza ingenaswa. Ajabu ni kwamba wakati huo huo waliokuwa wakichuja maandishi na picha za kutisha za mtandao huo kwa niaba ya sehemu kubwa ya Afrika walikuwa hapa hapa Nairobi, vijana wenye ujira mdogo ambao baadaye walifika mahakamani wakilalamika kuwa kazi hiyo imewavuruga akili. Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni mama yaweza kushtakiwa nchini Kenya. Nasubiri kwa hamu. Kampuni inayovuna faida kutokana na wasemaji wa Kiswahili haina udhuru wa kukosa wasomaji wa Kiswahili, wanaolipwa vyema na kutunzwa.

Wala asije mtu akadhani kuwa ninayoyasema ni ya dini moja. Shakahola ilitufundisha mwaka 2023, maiti zaidi ya 400 zilipofukuliwa msituni katika Kaunti ya Kilifi. Mhubiri anayehusishwa na maafa hayo alishtakiwa mwaka 2024, na miongoni mwa mashtaka aliyoyakana ni ya ugaidi. Mahubiri yake yalikuwa yakipeperushwa kwa televisheni na mtandaoni, kwa Kiswahili, huku 'sisi' yake ikizidi kukunjwa. Kwa upande mwingine, mnamo Desemba 2015 basi liliposimamishwa na washambuliaji karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki mwezi uliofuata. Vitabu vya Kiswahili vya shule zetu vina nafasi ya kutosha kwa kisa chake.

Ninachokitaka ni kidogo. Bunge litenganishe vitenzi vile viwili, ili aliyekumbatia fikra bila ya kumdhuru mtu apelekwe kwa washauri, na aliyezieneza ajibu mbele ya sheria. Kila chuo kiwe na mlango ambao mhadhiri, mzazi au mwanafunzi anaweza kuubisha bila ya kukutana na bunduki nyuma yake. Waketi humo mshauri, imamu, kasisi na mtu anayejua kusoma lugha ya vijana. Nililiandika pendekezo hili na kulipeleka panapohusika mwaka uliopita. Nilijibiwa kuwa linachunguzwa, na kwamba niambatanishe muhtasari kwa Kiingereza.

Mama yule hunipigia simu kila Ramadhani. Mwaka huu hakuuliza habari za mwanawe. Aliuliza kama tumekwisha kupata mahali pa kumpeleka mtoto wa jirani, ambaye siku hizi hali na wenzake na halali bila ya kuiweka simu sikioni. Nilimwambia aje naye kwangu.