Zima injini, jirani yako apumue

Bila shaka wengi wetu tumepita Kariakoo wiki hii. Huyu kafuata vitenge, yule vipuri, mwingine vyombo vya harusi ya mwanawe. Tunaingia, tunabishana bei, tunatoka. Jioni tukinawa uso, maji yanatoka na rangi ya majivu. Tunasema Kariakoo ina vumbi, kisha tunasahau.

Mfikirie sasa anayebaki pale. Mama lishe wa Mtaa wa Congo hakai saa mbili akaondoka. Anafika alfajiri kuwasha jiko, anafunga jioni, na kutwa nzima amekaa karibu na bomba la moshi la lori linaloshusha mzigo. Msukuma mkokoteni naye kazi yake ni nzito, hivyo anahema kuliko sisi sote na kuvuta moshi mwingi zaidi. Hawa wawili hawana gari. Moshi wanaouvuta ni wa magari yetu.

Na moshi huo si kero ya macho tu. Ukiuona mweusi, jua dizeli haijaungua yote. Ndani yake mna chembechembe zilizo ndogo kama mara 30 kuliko unene wa unywele, zinazopenya mapafuni hadi kwenye damu. Ndizo zinazochangia pumu, kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kwa nusu kiwango linachopendekeza, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, kwa kuwa hata kidogo kilionekana kudhuru.

Kuna sheria katika Kutoka 22:6 ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Mtu anawasha moto, moto unarukia miiba, unafika shambani kwa mwenzake na kumaliza nafaka yake. Aliyewasha atalipa. Tazama vizuri: hakuna anayemuuliza kama alikusudia. Huenda alikuwa anasafisha shamba lake tu, tena kwa haki kabisa. Lakini moto wake umevuka mpaka, na hasara iliyotokea ng'ambo ni mali yake.

Utaniambia hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tusiache kuidai. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya hewa za 2007, zisimamiwe. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 ulituonyesha kwamba basi moja linaweza kubeba abiria wa daladala kadhaa. Bajaji nyingi mjini sasa zinatumia gesi. Na wenye umri wangu mnakumbuka petroli yenye madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ilipofika 2006 ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hewa ya mji haisafishiki.

Lakini serikali haikai kwenye kiti cha dereva wa gari lako. Ni wewe unayeegesha Msimbazi ukimsubiri mkeo anunue pazia, injini inaunguruma nusu saa ili kiyoyozi kisizime, huku kijana wa soksi amesimama nyuma ya gari. Ni wewe unayeambiwa na fundi kwamba nozeli zimechoka, unajibu "mwezi ujao." (Nami nilijibu hivyo. Zangu zimesafishwa wiki iliyopita, baada ya kuanza kuandika haya na kuona aibu.) Ikiwa unaweza kupanda mwendokasi hadi Gerezani na mzigo wako ni mfuko mmoja, kwa nini uende na gari?

Na kabla hatujafika Kariakoo, leo hii baada ya ibada, tutazame nje ya kanisa. Basi la kwaya limewashwa tangu matangazo, wanakwaya bado wanapiga picha, na hatua chache nyuma ya basi hilo yupo mama anayeuza vitumbua, na mtoto mgongoni. Mzee wa kanisa, nenda ukamwambie dereva azime mpaka watu wapande.