Wacheni Watoi Wacheze na Leza, Wacheni Kuwakremisha

Wasee, niwaulize. Shuleni ulikremu kwamba pembe ya mwanga ukigonga kioo ni sawa na pembe yake ukitoka, si ndio? Na ukapita. Sasa shika kioo, pinda mwanga ugonge kifuniko cha soda kilichojificha nyuma ya ukuta. Wengi wetu tutabahatisha tu.

Ndio maana nasema mchezo wa leza unashinda ubao. Tafuta katoni, vioo vitatu vidogo, selotepu na leza moja. Weka kuta za kadibodi ndani, chora shabaha, mwambie mtoi afikishe mwanga hapo. Akikosa, hakuna mwalimu wa kumwekea X. Doa jekundu lenyewe linamwonyesha limeenda wapi. Anasogeza, anajaribu tena. Mwishowe anagundua kitu hakuna mtu alimwambia: ukizungusha kioo digrii 10, mwanga unahama digrii 20, yaani 10 za kuingia na 10 za kutoka. Hiyo hasahau.

Najua mzazi atasema leza inaharibu macho. Ni kweli kabisa. Basi mtu mzima aibandike chini ndani ya katoni, na hakuna kuinamisha uso usawa wake. Wadogo wapewe tochi iliyozibwa kwa kadibodi yenye mwanya mwembamba. Sheria ni ile ile.

CBC ilianza 2019 ikiahidi kujifunza kwa kutenda. Lakini kama projekti inamalizwa na mamake usiku, nani amejifunza? Wacheni watoi wakosee wenyewe.