Wito: Twendeni Mlimani Tukatazame Maigizo

Ndugu msomaji, huenda mara ya mwisho kushika tamthilia ulikuwa na kalamu mkononi. Ulisaka dhamira, ukaorodhesha wahusika, ukapigia mstari methali na tashbiha, na mtihani ulipokwisha kitabu ukamrithisha mdogo wako. Wengi wetu tamthilia tumezisoma na kuzijibia maswali, ila hatujapata kuziona. Ni kama kuijua taarab kwa kusoma mashairi yake tu, bila fidla wala mwimbaji.

Mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa, wanafunzi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wataingia tena mazoezini. Watagawana wahusika, watatafuta maleba, watabishana na waongozaji wao, na mwisho watasimama jukwaani. Ombi langu kwako ni moja: nenda ukawatazame.

Mlima ule unatudai. Ebrahim Hussein na Penina Muhando walisoma pale, wakafundisha pale, na kazi zao zimeipa tamthilia ya Kiswahili sehemu kubwa ya sura iliyo nayo leo. Chukua Kinjeketile ya Hussein, iliyochapishwa 1969, inayoturudisha kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile yu mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akane kwamba maji yake ya dawa yana nguvu. Anakataa, ingawa moyoni imani yake katika maji hayo imekwishatikisika. Darasani tunauita huo mgogoro wa nafsi, kisha tunahamia swali linalofuata. Jukwaani ni mtu aliyefungwa, hatua chache tu kutoka ulipoketi, nawe unasubiri atasema nini. Hapo hakuna ukurasa wa kuruka.

Au chukua Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji kimoja wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa nyuma na shida zake. Kitabuni tunaambiwa nguzo hiyo ni ishara. Ukiiona imelala sakafuni, na waigizaji wanatokwa jasho kuiinua bila kuelewana, unakumbuka vikao vya kikundi chako cha kukopeshana na unajiuliza kwa nini hamkufika mbali.

Ukumbi nao unamhitaji mtazamaji kutoka nje ya chuo. Wanafunzi wakitazamwa na wanafunzi wenzao tu, kicheko hupatikana kwa bei rahisi, maana wanamcheka rafiki yao aliyevaa kanzu ya mzee. Mama aliyetoka Ubungo hamjui kijana yule. Atacheka pale tu kichekesho kitakapomfika, na akiona mkwe jukwaani anamjibu mama mkwe kwa namna ambayo hakuna mkwe angethubutu, ataguna. Mguno huo ni somo ambalo mhadhiri hawezi kulitoa.

Zamani vyuo vyenyewe vilimfuata mtazamaji. Mwaka 1965 Makerere ilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, wanafunzi wakazunguka Uganda wakiigiza bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wasomi wa Dar es Salaam walikwenda hadi Malya, mkoani Mwanza, wakaigiza pamoja na wanakijiji juu ya matatizo ya kijiji chao. Wao walikata masafa hayo kuja kwetu. Sisi wa Mwenge, Sinza na Kimara hatushindwi kupanda daladala moja.

Mwalimu wa Kiswahili, ulizia ratiba mapema, uombe kibali, uwapeleke wanafunzi wako. Hata kama mchezo si kitabu chao cha mtihani, watakaporudi darasani watajua maelekezo ya jukwaani yameandikwa kwa nini. Mzazi, jioni moja funga runinga, ufuatane na watoto. Mwandishi wa habari za burudani, usiishie kupiga picha za mgeni rasmi: kaa hadi mwisho, kisha utuandikie nani aliigiza vizuri na nani alipwaya. Nanyi wakubwa wa chuo, msibandike tangazo kwenye mbao za ndani tu. Lifikisheni vituoni, sokoni na shuleni, na mchezo uanze mapema ili watu wapate usafiri wa kurudi majumbani.

Uliye Dodoma, Nairobi au Kampala, wito ni huohuo: ulizia chuo kilicho karibu nawe kinaigiza lini. Kukiwa na kiingilio, lipa, hata kama una jamaa anayeweza kukupitisha mlango wa nyuma. Mchezo ukiisha, usikimbilie nje. Mtafute mwigizaji umwambie lililokugusa na lililokuchosha, kwa heshima lakini bila kumficha. Na unapokata tiketi yako, kata na ya pili, umpe kijana anayejiandaa kwa mtihani wa fasihi.